Makochi ya kontena, vioo na dhahabu: dhana potofu kuhusu nyumba za kifahari Mombasa

Kabla ya Ramadhani iliyopita mama mmoja wa Nyali aliniita nikamtazamie sebule yake. Seti nzima ya makochi ya ngozi, rangi ya maziwa, iliyoshushwa bandarini miaka mitatu tu nyuma, ilikuwa ikibambuka. Vipande vilikuwa vikinasa kwenye mabuibui ya wageni. "Mwanangu, nimenunua makochi au nimenunua maganda?" akaniuliza. Nikamwambia, "Mama, kosa si lako, wala si la wajukuu waliokuwa wakiruka juu yake. Kochi hili halikutengenezewa Mombasa."

Kazi yangu ni usanifu wa ndani ya nyumba, na swali la mama yule nimekutana nalo kwa sura nyingine nyingi, kuanzia Kizingo hadi Shanzu. Watu wana pesa zao na wana hamu ya kukaa pazuri, lakini wamepewa maelezo yasiyo kweli. Inaniuma, kwa sababu gharama ya kurekebisha mara nyingi huzidi ile ya kufanya vizuri tangu mwanzo.

"Cha nje ndicho cha kifahari"

Tuanze na makochi yale. "Ngozi" nyingi inayouzwa madukani ni kitambaa kilichopakwa poliyurethani, aina ya plastiki. Kwenye joto na unyevu kama wetu, maji yaliyomo hewani huivunja poliyurethani hiyo kidogo kidogo hadi ipasuke na kubambuka. Wengine hulifunika kochi kwa nailoni wakidhani wanalihifadhi, kumbe wanaufungia unyevu ndani. Mbao za MDF na chipbodi, zile za nyuzi na vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi, nazo hufura pembeni zikinywa maji, na kabati la jikoni ndilo la kwanza kuumia, chini ya sinki.

Chuma ni hivyo hivyo. Vitasa, bawaba na reli za ngazi zinazouzwa kama stenlesi hutoka madoa ya kutu mapema sana kwenye nyumba zinazotazama bahari, kwa kuwa nyingi ni za daraja la 304. Linalostahimili upepo wa chumvi vizuri zaidi ni daraja la 316, ambalo limetiwa madini ya molibdeni, kama asilimia 2 hadi 3. Ukienda kununua kitasa, uliza namba hiyo kabla hujauliza bei.

Marumaru ya Italia naipenda, sitasema isinunuliwe. Lakini jiwe lile asili yake ni moja na chokaa, na asidi huila. Jiko la Mswahili halikosi ndimu, ukwaju, siki na achari ya embe. Tone la ndimu likikaa kidogo tu juu yake huacha alama iliyofifia ambayo hakuna kitambaa cha kuitoa. Iweke ukumbini. Kwenye meza ya jikoni weka granaiti, upike kwa amani.

Na hao wasanifu wakubwa ambao picha zao tunaoneshwa na wateja kila siku, wao wenyewe hawaabudu vya mbali. Axel Vervoordt, Mbelgiji aliyeanzia kwenye biashara ya vitu vya kale, amejenga jina kwa mbao zilizochakaa, kuta za chokaa na vitu vinavyoonesha umri wake. Nyumba ya juu kabisa ya Greenwich Hotel kule New York aliitengeneza pamoja na msanifu majengo Tatsuro Miki kwa mbao na mawe yaliyokwisha kutumika kwingine. Ilse Crawford wa Uingereza, mhariri mwanzilishi wa jarida la Elle Decoration la huko mwaka 1989, hubuni hoteli na nyumba za watu wenye uwezo, lakini pia alibuni samani za gamba la mti, lile la vizibo vya chupa, kwa ajili ya IKEA, maduka ya samani za bei nafuu. Kwao thamani ya kitu ni jinsi mkono unavyokihisi na jinsi kinavyozeeka.

Sasa tazama tulicho nacho sisi. Mawe ya Mazeras yako hapo njiani tu ukielekea Nairobi. Vipingo kuna katani. Changamwe kuna ushirika wa wachongaji Wakamba. Mafundi wa Mji wa Kale bado wanachonga milango na kutengeneza viti kwa mbambakofi, mti ambao umeihimili hewa hii ya bahari kwa karne nzima na zaidi. Na kuta za chokaa iliyosuguliwa hadi ikawa laini kama yai, zile zenye zidaka, vishubaka vya ukutani walimopanga sahani za kauri, zilikuwa anasa ya wenyewe huku pwani kabla ya neno "msanifu wa ndani" kusikika.

"Nyumba ya kifahari lazima ing'are"

Hapa dhana ni mbili, na zinapigana. Mmoja anataka dhahabu kwenye miguu ya meza, dhahabu kwenye fremu, jipsamu ya ngazi tatu darini na taa za buluu zikipita ndani yake. Mwingine amechoka na hayo, anataka kila kitu cheupe na kitupu, kwa sababu ameambiwa ndiyo anasa ya siku hizi. Wote wanatafuta sare ambayo haipo.

Kelly Wearstler wa Los Angeles hurundika ruwaza juu ya ruwaza, jiwe lenye mishipa mikubwa kando ya kiti cha zamani alichokiokota mnadani. Vincent Van Duysen, Mbelgiji mwingine, hutoa na kutoa mpaka kinabaki chumba cha rangi za udongo na kimya. India Mahdavi, aliyezaliwa Tehran na kufanyia kazi zake Paris, aliuvika rangi ya waridi ukumbi mzima wa mkahawa wa Sketch, London, mwaka 2014, kuta na viti pamoja. Watatu hawa hawafanani hata kidogo, na wote ni wa daraja la juu. Kinachowaunganisha ni kwamba kila kitu chumbani kimechaguliwa kwa sababu, na mtu anaweza kukuambia sababu hiyo.

Kwa hiyo mteja akiniambia anapenda dhahabu, simkatazi. Namuuliza kwanza bibi yake alikuwa na nini chumbani. Mara nyingi jibu ni sinia la shaba, kiti cha enzi, sanduku lenye misumari ya shaba. Basi mng'aro tunao tayari, wa shaba halisi, na sinia moja ukutani penye chokaa litang'ara kuliko meza kumi zilizopakwa rangi ya dhahabu. Rangi ya waridi ya Mahdavi nayo isiwatishe watu wa mji wenye Biashara Street, mtaa wa maduka ya leso. Leso moja ina ujasiri wa rangi kupita sebule zote za kijivu ninazoziona siku hizi.

Jambo dogo ambalo lingebadilisha nyumba nyingi kwa pesa kidogo: balbu. Tumezoea taa nyeupe kali za Kelvini 6500 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), zinazofanya sebule ifanane na duka la dawa. Weka za 2700, zenye mwanga wa manjano, ziwe nyingi na ndogo, chini ya usawa wa macho, na uache ile moja ya katikati ya dari ipumzike.

"Vioo vikubwa na viyoyozi ndiyo maendeleo"

Hili ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu kosa lake hulipwa kila mwezi kwenye bili ya stima.

Mombasa iko takribani nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, mwezi Machi na tena Oktoba, kwa hiyo paa ndilo linalopokea joto kubwa, na kuta za mashariki na magharibi huchomwa asubuhi na jioni. Ukuta wa kioo unaotazama magharibi bila kivuli hupitisha jua ndani, vitu vya ndani vinapata joto, na joto hilo halitoki tena kwa urahisi. Kisha unanunua kiyoyozi kupambana na ukuta ulioununua mwenyewe kwa bei ghali. Jipsamu ikishushwa sana nayo huleta dari yenye joto karibu na kichwa chako.

Tuna pepo mbili ambazo hazitozi kitu. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili hadi Septemba hivi. Chumba kinahitaji tundu la kuingilia upepo na tundu la kutokea, ukuta mmoja na mwingine. Dirisha kubwa upande mmoja peke yake halileti upepo, hata likitazama Bahari ya Hindi yote. Wazee walijua: dari ndefu, ua katikati, madirisha yenye mbao za kupishana zinazopitisha hewa na kuzuia macho ya wapita njia. Nyumba ilipata faragha na ubaridi kwa kitu kimoja.

Ng'ambo ya bahari hii hii, msanifu majengo Geoffrey Bawa wa Sri Lanka, aliyefariki mwaka 2003, aliunganisha nyumba nne ndogo za mtaa mmoja wa Colombo zikawa makazi yake, akaacha nyua na mianya ya mwanga katikati ili hewa izunguke. Mpaka leo wasanifu wa hoteli za kifahari za nchi za joto hurudi kujifunza kwake. Joto lile, unyevu ule, pepo za misimu. Sisi tuna kila sababu ya kumsoma.

Sisemi kiyoyozi kiondoke. Chumba cha kulala mwezi wa Februari kinakihitaji. Lakini feni nzuri ya darini hukufanya uhisi nyuzi 2 au 3 pungufu kwa umeme mdogo sana, na chumba chenye kivuli kizuri kitakitumia kiyoyozi saa chache tu.

"Msanifu huitwa mwishoni, aje achague mapazia"

Naitwa nyumba ikiwa imeshapigwa plasta na kupakwa rangi, swichi iko nyuma ya mlango, soketi iko mahali kabati litakapokaa. Hapo kilichobaki ni kupamba makosa. Wakati wa kumwita ni ramani ikiwa bado karatasi, ili kitanda, mlango, bomba na taa vikubaliane.

Ila mipaka ipo. Kuondoa ukuta unaobeba sakafu ya juu ni uamuzi wa mhandisi. Wasanifu majengo husajiliwa na bodi ya BORAQS, na mkandarasi awe na usajili wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Ikiwa nyumba iko Mji wa Kale, kuna ofisi ya uhifadhi ya kuulizwa kwanza. Na tafadhali, ukuta wa matumbawe usiupige plasta ya saruji. Saruji huzuia unyevu na chumvi kutoka, na baada ya muda plasta hudondoka na vipande vya ukuta. Chokaa huuacha ukuta upumue.

"Msanifu ni wa matajiri"

Ada zina njia kadhaa: kiasi kimoja kilichokubaliwa, malipo kwa saa, asilimia ya gharama ya kazi, au nyongeza juu ya bei ya samani. Hii ya mwisho ndiyo yenye ugomvi, kwa hiyo iandikwe wazi kabla kitu hakijanunuliwa. Unaweza pia kulipia ushauri wa siku moja, ukapata mpangilio wa chumba na orodha ya vitu, kisha ukafanya kazi na fundi wako polepole.

Mama wa Nyali alifanya hivyo. Makochi ya kontena yalitoka. Seremala wa Mji wa Kale alimtengenezea viti viwili virefu vya mbambakofi, mito yake ikavishwa foronya za pamba zinazovuliwa na kufuliwa. Chini ya dirisha tulijenga baraza ya kukalia, na ukuta wa pili tukautoboa juu, tukaweka mbao za kupishana. Kusi ilipoanza alinipigia simu usiku, akanishikilia simu dirishani nisikie pazia likipeperuka. Amezima feni, akasema, na wajukuu wamelala pale pale barazani.