Kabla Hujakubali Kulipa Deni la Ruzuku ya Kodi ya Nyumba

Wazee wetu wengi hapa Uingereza, wakipata barua ya halmashauri inayosema kwamba walilipwa Housing Benefit, yaani ruzuku ya kodi ya nyumba, kupita haki yao, hupiga simu siku hiyohiyo kuomba walipe kidogo kidogo. Katika kazi yangu ya kuwashauri watu kuhusu mafao, hapo ndipo ninapowasihi wasubiri, kwa sababu kwanza tunapaswa kujua kama deni ni halali na ni la kiasi gani.

Muda wenyewe ni mfupi: mwezi mmoja tangu tarehe ya barua. Ndani yake unaweza kuiomba halmashauri iupitie upya uamuzi wake, au ukakata rufaa, ambayo hupelekwa kwa halmashauri ili nayo iifikishe kwenye baraza huru la rufaa.

Tuanze na kiasi. Kanuni ya 104 ya Kanuni za Ruzuku ya Nyumba za mwaka 2006 inaitaka halmashauri ipunguze katika deni kile ambacho mtu angestahili kulipwa laiti hali yake ingejulikana mapema. Tuchukue mfano wa mama aliyeanza kazi ya saa chache bila kutoa taarifa, halmashauri ikafuta ruzuku yote ya pauni 150 kwa wiki kwa wiki 16 na kumdai pauni 2,400. Hati zake za mshahara zikionyesha kwamba bado angestahili pauni 110 kila wiki, deni linabaki pauni 640. Naumia kila ninapoona mtu amelipa deni zima kwa sababu tu hakuna aliyemwomba hati hizo.

Kanuni ya 100 ndiyo yenye uzito zaidi. Deni lililotokana na kosa la ofisi, ambalo mwombaji hakulichangia, halirudishwi iwapo yeye, alipopokea malipo au barua ya malipo hayo, hangeweza kutarajiwa kutambua kwamba amezidishiwa. Watu hukazania kosa la ofisi wakasahau sharti hili la pili, na kwa maoni yangu hapo ndipo kesi nyingi hupotea. Ikiwa barua ya zamani iliorodhesha kipato chako kimakosa nawe ukanyamaza, utaulizwa kwa nini. Lakini kama ulitoa taarifa, kisha ukapokea barua ya hesabu ambayo hata msomaji mzuri wa Kiingereza angeshindwa kuifuata, eleza hivyo waziwazi, pamoja na umri wako, lugha yako na nani alikusomea barua hiyo. Omba pia nakala za barua na kumbukumbu za simu zilizomo katika jalada lako, kwani tarehe uliyotoa taarifa ndiyo nguzo ya hoja yako.

Hoja hii haifai kwa Universal Credit, yaani fao la serikali kuu lililochukua nafasi ya ruzuku hii kwa wengi walio chini ya umri wa kustaafu, ambako sheria inaruhusu malipo yaliyozidi kudaiwa hata kama kosa ni la ofisi. Inawahusu zaidi wastaafu na walio katika makazi ya muda au ya uangalizi, ambao bado wanalipwa na halmashauri.

Katika barua hiyohiyo ya rufaa, omba makato ya kila wiki ya kulipia deni yasimamishwe hadi uamuzi utolewe, kisha ubaki na nakala yenye tarehe.