Risasi ya Pili Ndiyo Inayoipima Bunduki: Elimu ya Bunduki za Bolti kwa Wanyama Hatari

Nyati aliyekwisha kuamua kuja haji kwa mwendo wa ng'ombe. Kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, mita 30 zinamalizwa ndani ya sekunde tatu. Ndani ya sekunde hizo mpigaji anatakiwa awe amefyatua, amevuta bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), ametema ganda, ameingiza risasi nyingine chemba, yaani chumba cha risasi mwanzoni mwa mtutu, na kufyatua tena. Kwa hiyo mkaguzi wa silaha anayejua kazi yake akiwekewa bunduki nzito mezani, hulitanguliza swali la kama inalisha risasi bila kukwama. Nguvu atauliza baadaye.

Makala haya yameandikwa kwa askari wa wanyamapori wa halmashauri na wa vijiji, kwa wanaojiandaa kuwa wawindaji bingwa, na kwa wenye leseni za kuwinda kwenye vitalu. Kwa Tanzania, kumbuka kuwa karatasi ni mbili tofauti: leseni ya kumiliki silaha chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni ya kuwinda chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kuwa na moja hakukupi nyingine. Kenya uwindaji umefungwa tangu 1977, hivyo huko yatakayoelezwa hapa ni ya askari wa kudhibiti wanyama waharibifu, si ya mwindaji.

Kaliba na kichwa cha risasi

Risasi ya AK-47 anayoibeba askari wa doria hutoka mtutuni ikiwa na nguvu ya jouli kama 2,000. Ni silaha ya kupambana na jangili. Kwa tembo inajeruhi, na tembo aliyejeruhiwa huwa tatizo la kijiji kizima. Gobole ni baya zaidi, na marisau ya bunduki ya ndege hayafai hata kutajwa. Mkulima aliyeingiliwa shambani amwite afisa wanyamapori. Asijaribu kusaidia kwa gobole.

Risasi ya .375 H&H, iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, husukuma kichwa cha greni 300 (gramu 19.4) kwa mwendo wa mita 770 hivi kwa sekunde. Hiyo ni nguvu ya jouli 5,700. Nchi nyingi za Afrika zinazoruhusu uwindaji zimeifanya .375 kuwa kaliba (unene wa mtutu na risasi yake) ya chini kabisa kwa wanyama hatari, na baadhi huivumilia 9.3x62 ya Otto Bock wa Berlin, ya mwaka 1905, ambayo walowezi wa Kijerumani waliitumia sana barani kwa sababu iliingia kwenye bunduki ya kawaida ya Mauser. Ukipanda ngazi unaikuta .416 Rigby ya 1911: greni 400, mita 725 kwa sekunde, jouli 6,800. Kabla yake ilikuwepo .404 Jeffery, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa mikononi mwa askari wa idara za wanyamapori wakati wa ukoloni. Juu zaidi ipo .458 Lott, greni 500 kwa mita 700 kwa sekunde, karibu jouli 7,900.

Watakuwepo watakaomtaja W. D. M. Bell, Mskoti aliyeua mamia ya tembo kule Karamoja, Uganda, kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Ni kweli. Lakini Bell aliujua ubongo wa tembo ulipo kwa kila pembe, na alikuwa na subira ya kungoja pembe hiyo. Sheria haiwezi kuandikwa kwa kumtegemea mtu mmoja mwenye kipaji.

Zaidi ya nguvu, angalia uzito wa kichwa cha risasi ukiulinganisha na unene wake. Kichwa chembamba na kizito hupenya. Kifupi na kipana hukwama njiani. Greni 300 kwa .375, greni 400 kwa .416 na greni 500 kwa .458 zote ziko upande salama. Ukishuka hadi vichwa vyepesi kwa kufuata kasi, umeuza kina ili ununue mwendo. Risasi ya mbele ya kichwa cha tembo inatakiwa ipite zaidi ya nusu mita ya ngozi, nyama na mfupa wenye vyumba vyumba kama sega la nyuki kabla ya kuufikia ubongo, na haitakiwi kupinda njiani.

Hapo ndipo vichwa vigumu vinapoingia. Kichwa kigumu hakitanuki: ama ni shaba tupu, ama ni madini ya risasi yaliyofunikwa kwa ganda nene la chuma. Vile vyenye pua bapa hushika mstari ndani ya mnyama vizuri kuliko vya pua ya mviringo, ambavyo wakati mwingine hupinduka na kuchepuka. Kichwa laini hutanuka na kuacha jeraha pana, ila hulipia kwa kina. Kwa tembo, na kwa kiboko aliye nchi kavu, tumia vigumu tu. Kwa nyati, wawindaji wengi hutanguliza laini moja ya ubora wa juu, na zinazofuata chini ya magazini huwa ngumu, kwa kuwa risasi ya pili mara nyingi humkuta nyati amegeuza matako na anaondoka. Tahadhari moja: kichwa kigumu huweza kumtoboa nyati wa kwanza na kutokea upande wa pili. Kama kuna mwingine nyuma yake, usifyatue. Utakuwa na majeruhi wawili na leseni ya mmoja.

Bolti na ukucha wake

Bunduki nyingi za bolti za wanyama hatari ni watoto au wajukuu wa Mauser ya mwaka 1898. Ifungue uitazame. Ubavuni mwa bolti kuna ukucha mrefu wa chuma. Risasi inapochomoka magazini, mdomo wa chini wa ganda hupanda na kuteleza nyuma ya ukucha huo kabla haijafika chemba. Tangu hapo risasi imeshikwa. Ukisita katikati, ukavuta nyuma, inarudi na bolti.

Kwenye aina nyingine, ambayo Remington 700 ndiyo mfano unaojulikana zaidi, bolti husukuma risasi bila kuishika. Kucha ndogo huiuma mwisho kabisa, bolti inapofungwa. Ni mfumo mzuri na una shabaha. Kasoro yake hujitokeza kwa mtu mwenye hofu: anasukuma risasi hadi chemba, hafungi bolti, anashtuka, anavuta tena. Risasi ya kwanza imebaki chemba, ya pili inakuja na kuigonga kitakoni. Bunduki imekwama na mnyama yuko mita kumi.

Hata Mauser ina kosa lake, na hilo ni la mpigaji. Kitema ganda kiko nyuma kabisa ya njia ya bolti, kwa hiyo ganda haliruki mpaka bolti ifike mwisho. Risasi ya .375 H&H ina urefu wa milimita 91; ya .308, ambayo askari wengi wamejifunzia, ina 71. Mkono uliozoea .308 huishia mapema. Ganda tupu linabaki kwenye ukucha, linarudishwa chemba, na mpigaji anasikia "tik" pale alipotarajia mlio. Dawa ni kuvuta bolti kwa ukali mpaka igonge mwisho, halafu kuisukuma kwa ukali huohuo na kuilaza chini. Bolti ya bunduki nzito haibembelezwi.

Usitupie risasi moja kwa moja chemba ukaifungia bolti ya Mauser. Ukucha hulazimika kuruka juu ya mdomo wa ganda, na kwenye bunduki nyingi hilo huuvunja ncha polepole bila wewe kujua. Lisha kupitia magazini daima.

Kabla ya kwenda porini, kila risasi utakayobeba ipite kwenye bunduki hiyo. Fanya hivyo uwanja wa shabaha, mtutu ukielekea kwenye kingo ya udongo, na kizuizi cha usalama kikiwa nafasi ya katikati: kwenye Mauser yenye bawa, bawa likisimama wima, pini inayogonga risasi imefungwa lakini bolti inafunguka. Likilazwa kushoto bunduki iko tayari kufyatua. Kulia, kila kitu kimefungwa. Risasi itakayosita, yenye ganda lililobonyea au fataki ya kitakoni (inayowasha baruti) iliyotokeza, itoe pembeni.

Yanayoharibika baada ya mlio

Bunduki ya .30-06 humrudisha mpigaji kwa nguvu ya jouli kama 27. .375 hukaribia mara mbili ya hiyo, na .458 Lott hupita mara tatu. Teke hilo halimpati mpigaji peke yake. Bunduki inaporuka nyuma, risasi zilizobaki magazini hugongwa pua na ukuta wa mbele. Baada ya mara nne au tano, kichwa cha risasi kinaweza kuzama ndani ya ganda, na pua laini ya madini ya risasi ikapondeka kama uyoga. Zilizokaa chini ya magazini siku nzima ya mazoezi zitoe, zipange kando ya risasi mpya, utazame urefu. Iliyofupika usiitumie, kwa sababu nafasi ya baruti imepungua na shinikizo hupanda.

Kagua pia mlango wa chini wa magazini, kwani ukiwa na kitasa kilicholegea unaweza kufunguka kwa teke na kumwaga risasi zote majanini. Kagua mbao nyuma ya chuma cha bolti, mahali ambapo ufa mwembamba kama unywele huanzia. Kaza skrubu za darubini. Darubini iwe ya ukuzaji mdogo, mara 1 hadi 4 inatosha, na jicho likae sentimita 9 hadi 10 nyuma yake. Anayesogeza uso karibu huondoka na alama ya nusu duara juu ya nyusi. Vilengeo vya chuma vibaki kwenye mtutu hata ukiwa na darubini, kwa siku itakayopasuka.

Mazoezi yawe ya kusimama, kwenye miti mitatu ya kuegemea. Risasi 5 hadi 10 nzito kwa siku zatosha. Zaidi ya hapo mwili hujifunza kushtuka kabla ya kifyatulio kuvutwa, na tabia hiyo kuiondoa ni kazi ya miezi. Bolti ifanyie mazoezi kwa risasi za bandia, kitako kikiwa begani, mara nyingi upendavyo. Hiyo haina gharama.

Joto nalo lina neno. Rigby na Jeffery walitengeneza maganda makubwa yenye shinikizo la chini kwa sababu baruti ya kordaiti ilipanda nguvu kwenye jua la tropiki, na ganda likagoma kutoka chemba. .416 Rigby hufanya kazi kwenye megapaskali 325 hivi; .416 Remington, ya mwaka 1988, hufika 430 ili kupata mwendo uleule kutoka ganda dogo. Zote mbili ni nzuri, lakini usiziache kwenye dashibodi ya gari. Wala usizichanganye: vichwa vyake ni unene mmoja, maganda siyo. .458 Winchester ya 1956 ilibanwa ndani ya ganda la milimita 63.5, na baruti ya baadhi ya matoleo ya zamani ikashikamana kama ugali uliolala, mwendo ukashuka vibaya. Ndiyo sababu ya kuzaliwa kwa Lott. Risasi ya .458 Winchester huweza kupigwa kwenye chemba ya Lott; kinyume chake haiingii.

Mafuta yakibaki chemba, ganda haling'ang'anii kuta na bolti hubeba mzigo usio wake. Pangusa chemba ikauke. Mtutu utazame kila asubuhi kwa kuondoa bolti na kuchungulia mwanga: nyigu hujenga kwa usiku mmoja, na tope la ncha moja hupasua mtutu. Kipande cha utepe mdomoni mwa mtutu huzuia vyote viwili, na hakina haja ya kuondolewa kabla ya kufyatua.

Nyati akianguka, usimwendee kutoka mbele. Ongeza risasi angali chini, jaza magazini, zunguka uje kutoka nyuma ya mgongo, na uguse jicho kwa ncha ya mti mrefu au ya mtutu huku kidole kikiwa kwenye kifyatulio. Akipepesa, risasi nyingine. Asipopepesa, ngoja, gusa tena.

Kambini toa risasi za magazini kwanza, kisha ya chemba, uzihesabu dhidi ya ulizotoka nazo. Halafu, bolti ikiwa nyuma, ingiza ncha ya kidole kidogo chemba. Macho huchoka jioni, kidole hakidanganyiki.