Kabla Gari la Wagonjwa Halijafika: Maswali na Majibu Kuhusu Usalama wa Nyumbani na Majanga Vijijini

Majibu haya ni kwa kaya zilizo mbali na huduma: hospitali iko saa kadhaa kwa barabara mbovu, au iko ng'ambo ya mto ambao leo umefurika.

Mafuriko huja mara moja kwa miaka mingi. Kwa nini tupoteze muda na elimu ya majanga?

Kwa sababu sufuria ya maji ya moto haingoji miaka mingi. Anayejua kumtoa mtoto nje gizani siku nyumba inapowaka, ndiye atakayejua kumtoa usiku maji yakiingia. Tena mjini mtu hupiga simu zimamoto, lakini kijijini zimamoto ni jirani, na jirani naye kama hajafundishwa atakuja na ndoo ya maji kuzima mafuta yanayowaka kikaangoni. Hapo moto hulipuka hadi darini. Mafuta yakishika moto, funika kwa mfuniko, zima jiko, usiguse tena mpaka yapoe.

Mtoto ameungua kwa chai. Tupake nini?

Msipake kitu. Dawa ya meno, yai, mafuta ya kupikia, majivu, vyote hivyo havipozi. Huchafua kidonda, na mhudumu atalazimika kuvisugua huku mtoto analia. Mwagieni maji ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Zipimeni kwa saa, maana wengi huacha baada ya dakika mbili, mtoto akinyamaza tu. Hakuna bomba? Kaeni na ndoo na kopo, mmwage polepole. Hata kama mmechelewa, ndani ya saa tatu bado yanasaidia. Barafu hapana, huumiza ngozi zaidi.

Wakati maji yanamwagika, mtu mwingine amvue mtoto nguo na bangili kabla ya uvimbe kuanza, ila nguo iliyogandia kwenye ngozi iachwe. Sehemu nyingine za mwili zifunikwe asipate baridi. Malengelenge msiyatoboe. Kisha funikeni jeraha kwa kitambaa safi na mwende hospitali bila kusita ikiwa ameungua usoni, mikononi, sehemu za siri, au eneo kubwa kuliko kiganja chake, au kama bado ni mtoto mchanga.

Mtoto amekunywa mafuta ya taa. Tumpe maziwa atapike?

Hapana. Mafuta ya taa huua zaidi yakiingia mapafuni kuliko yakikaa tumboni, na kutapika ndiko kunakoyapeleka huko. Mvueni nguo zilizolowa, muosheni ngozi kwa sabuni, mumpeleke kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe. Akianza kukohoa au kuhema haraka, hali imeshakuwa mbaya.

Sasa itazameni hiyo chupa. Mara nyingi ni ya soda. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, lakini umbo la chupa ya soda analijua vizuri mno. Kwa hiyo tusimlaumu yeye. Mafuta ya taa na dawa za shambani zikae kwenye vyombo vyake vya asili, juu, penye kufuli.

Mkaa ukishakolea na moshi ukaisha, si tunaweza kuingiza jiko chumbani tuote?

Hapo ndipo panapoua. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuikimbia. Ukiona watu wawili watatu wa chumba kimoja wanaumwa kichwa, wana kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja, watoe nje kwanza, ndipo mjadili chanzo.

Ameumwa na nyoka shambani. Tumfunge kamba?

Kamba ya kubana inaweza kuua mguu wote. Msichanje, msinyonye. Mlazeni atulie, vueni viatu, pete na bangili, fungeni gango (ubao au fimbo iliyonyooka) ili kiungo kisichezecheze, kisha mbebeni, asitembee. Kama usafiri ni pikipiki, akae katikati ya watu wawili. Nyoka aacheni aende zake, maana anayemfukuza huweza kuwa mgonjwa wa pili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa sumu ya nyoka kila mwaka, na wengi ni watu wa mashambani. Tochi usiku na chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro huzuia mengi.

Aliyepigwa na radi anaruhusiwa kuguswa?

Ndiyo, mwili wake hauna umeme. Kama hapumui, anza kumkandamiza kifua mara moja. Na ngurumo ikikukuta nje, ondoka chini ya mti, ingia ndani, ukae humo mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Maji hayajafika hata magotini. Tuvuke?

Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15, yaani juu kidogo tu ya kifundo cha mguu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika 60 huchukua magari. Na kwa kuwa ni ya matope, huoni kama barabara bado ipo chini yake. Ngojeni.

Mafuriko yakipungua, kisima msikiamini. Chemsheni maji yatokote kwa dakika 1, au dakika 3 mkiwa juu ya mita 2,000. Mtu akiharisha na hakuna pakiti za dawa ya kuharisha (ORS), changanyeni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko visijae kilima.

Mfuko wa dharura uwe na nini?

Orodha ndefu huwakatisha watu tamaa. Anza na tochi, filimbi, maji, dawa za anayetumia kila siku, na vyeti ndani ya mfuko wa plastiki. Filimbi si mchezo: sauti ya mtu aliyenaswa hukauka haraka.

Semina zimekuja, tumesaini, tumesahau. Elimu gani hukaa kichwani?

Ile inayosimuliwa nyumbani. Tsunami, yaani mawimbi makubwa ya bahari, ya mwaka 1907 iliua wengi kisiwani Simeulue, Indonesia. Wazee wakaigeuza hadithi na nyimbo: ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, kimbilia mlimani. Tarehe 26 Desemba 2004 tsunami nyingine ilipokuja, watu wakakimbia. Kati ya wakazi wapatao 78,000 walikufa 7, wakati ng'ambo yao, Aceh, walikufa zaidi ya 100,000.

Usiku tunafunga mlango kwa kufuli kwa ndani, na baba hulala na ufunguo. Kuna ubaya?

Upo. Leo usiku zimeni taa, kila mtu afumbe macho atoke kitandani hadi nje, na baba ajifanye hayupo. Mtajua ni kiti gani kinazuia njia na nani hafikii komeo. Kisha pigilieni msumari karibu na mlango, mbali na dirisha, usawa ambao mtoto mkubwa anaufikia, ufunguo ukae hapo kila usiku.