Engaruka: Yanayosemwa na Yanayoonekana Ardhini

Huko Engaruka, kaskazini mwa Tanzania, chini ya ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa, kaskazini mwa mji wa Mto wa Mbu, kuna mashamba ya kale yenye kuta za mawe na mifereji ya umwagiliaji, yenye ukubwa wa takriban hekta 2,000, na kwenye mteremko ulio juu yake kuna mabaki ya vijiji saba vilivyokaliwa kati ya karne ya 15 na ya 18. Mengi yanayosimuliwa kuhusu Engaruka hayalingani na kilichopo.

Husemwa kwamba huo ulikuwa mji mkubwa wa wageni. Mwanaakiolojia Louis Leakey, aliyefika mwaka 1935, alikadiria wakazi kati ya 30,000 na 40,000, na takwimu hiyo ingali inarudiwa ingawa watafiti waliomfuata waliishusha hadi maelfu machache. Wala halikuwa jiji la majumba ya mawe: mawe yalishikilia majukwaa ya ardhi yaliyosawazishwa mlimani, na juu yake zikasimama nyumba za miti na nyasi. Ni kazi ya wakulima Waafrika wa papo hapo.

Marundo ya mawe yaliyotapakaa mashambani hudhaniwa kuwa makaburi. Kwa sehemu kubwa ni mawe yaliyookotwa shambani ili jembe lipite, yakapangwa kwa uangalifu ambao, nakiri, unamshawishi mtu kufikiri vinginevyo.

Dhana inayowanyima haki zaidi waliopajenga ni ile isemayo kwamba palijengwa kwa mpigo mmoja, kwa amri ya mtawala. Ukiinama karibu na kitalu kimoja cha shamba utaona mstari wa mawe yasiyounganishwa kwa chokaa, umezingira kipande kidogo cha ardhi kilichosawazishwa ili maji ya mfereji yatulie badala ya kukimbia na udongo. Uchimbaji wa mwanaakiolojia Daryl Stump umeonyesha kwamba baadhi ya mashamba yalikua polepole, kwa kutega tope lililobebwa na maji nyuma ya kuta, na kuta zikaongezwa kadiri tope lilivyojaa. Udongo wenyewe, basi, uliotoa mtama, ni sehemu ya ujenzi.

Kuhusu kuhamwa, jibu la haraka ni kwamba Wamaasai waliwafukuza. Hata hivyo, mvua ni haba mno kulima bila umwagiliaji, na vijito kadhaa vilivyolisha mifereji ya zamani sasa hukauka, ukibaki Mto Engaruka peke yake kutiririka mwaka mzima. Maji yaliyopungua na ardhi iliyochoka kwa kulimwa mfululizo hueleza kuhama huko vizuri zaidi kuliko vita.

Wala watu hao hawakutoweka bila alama. Miongoni mwa wanaohusishwa nao ni Wasonjo, wanaojiita Batemi, ambao upande wa pili wa mlima wa volkano Ol Doinyo Lengai wangali wanagawana maji ya mifereji kwa zamu, chini ya usimamizi wa wazee wao.