Usingizi wa mbegu na jeni zinazoulinda

Chukua mbegu za nyasi iitwayo Panicum virgatum zilizovunwa karibuni, zipe maji, hewa na joto la kutosha. Nyingi hazitaota. Hazijafa, zimelala tu, na hali hiyo ndiyo usingizi wa mbegu.

Panicum virgatum ni nyasi ndefu ya asili ya Amerika Kaskazini, inayoishi miaka mingi bila kupandwa upya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wizara ya Nishati ya Marekani iliichagua kuwa zao la mfano katika utafiti wa nishati itokanayo na mimea. Porini usingizi huu ni kinga, kwa sababu mche unaochipua vuli huuawa na baridi ya kipupwe. Shambani ni kero: miche hutoka michache michache, na magugu huwahi nafasi.

Sasa jeni zinaingiaje? Seli zote za kiinitete, yaani mche mchanga ulio ndani ya mbegu, zina DNA ileile, lakini si kila jeni husomwa wakati wote. Jeni ikinakiliwa kuwa RNA, yaani nakala ya ujumbe wake, na kwa kawaida RNA hiyo ikatumika kuunda protini, tunasema jeni imejidhihirisha. Mbegu iliyolala ikishaloa haikai kimya. Jeni za kundi la NCED husaidia kutengeneza asidi ya absisiki, homoni inayozuia kuota. (Ndiyo maana neno "usingizi" linapotosha kidogo: kulala huku ni kazi.)

Njia ya kawaida ya kuiamsha ni kuiweka katika unyevu na baridi ya nyuzi 5 hivi za Selsiasi, kwa wiki mbili au zaidi. Baridi haibadilishi DNA. Inabadilisha kinachosomwa. Kwa jumla, jeni za CYP707A zinazovunja asidi ya absisiki na zile zinazounda jiberelini, homoni ya kuamsha, ndizo hupata nguvu. Jiberelini nayo huwasha jeni za amilesi, kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari ya kulisha mche.

Ganda nalo lina sehemu yake, ndiyo maana kulikwaruza husaidia pia.

Mtego kwa watafiti wanaotafuta jeni zinazoiamsha mbegu uko kwenye muda wa kuchukua sampuli. Wakisubiri hadi kizizi kitokeze, jeni nyingi watakazokuta zimepanda ni za ukuaji wenyewe, wala si zilizoiamsha mbegu.