Je, Wajua Kwa Nini Mpiga Picha Alikuwapo Siku Kipanya cha Kompyuta Kilipoonyeshwa Hadharani?

Tarehe 9 Desemba 1968, mbele ya wataalamu wapatao 1,000 waliokutana San Francisco kwa mkutano wa kompyuta, mhandisi Douglas Engelbart aliketi jukwaani akiwa na kibodi mbele yake na kijisanduku kidogo chini ya kiganja chake cha kulia. Kwa muda wa dakika 90 aliandika maneno kwenye skrini, akayafuta, akayahamisha, akaruka kutoka hati moja hadi nyingine kwa kubonyeza neno, kisha akahariri ukurasa pamoja na mwenzake aliyekuwa Menlo Park, umbali wa kilomita 48 hivi. Kijisanduku kile ndicho tunachokiita leo kipanya. Huko Menlo Park, mmoja wa watu walioshika kamera siku hiyo alikuwa kijana aliyebakiza siku tano tu kutimiza miaka 30, ambaye hakuwa mhandisi wala mtaalamu wa hesabu. Jina lake Stewart Brand, mpiga picha, na katika msimu uleule alikuwa ametoa toleo la kwanza la chapisho alilolihariri mwenyewe.

Mtu wa namna hiyo alitafuta nini katika maabara ya kompyuta? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba alikuwa na bahati ya kuishi karibu na mahali ambapo mambo yalikuwa yakitokea. Ni kweli kwa sehemu, lakini wako maelfu walioishi jirani na maabara zile wasiingie hata mlangoni. Kwa maoni yangu sababu iko katika ufundi wenyewe: tatizo moja kubwa la kompyuta za wakati ule lilikuwa tatizo la kuonekana, na hilo ni tatizo la mpiga picha na mhariri kabla halijawa la mhandisi.

Brand alizaliwa Rockford, Illinois, mwaka 1938, akapata shahada ya biolojia katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1960, kisha akatumikia jeshi la Marekani, ambako pia alipiga picha. Alipotoka jeshini alisomea upigaji picha na usanifu mjini San Francisco, na kazi moja ya kupiga picha ikampeleka kwa Wahindi Wekundu wa Warm Springs, Oregon. Kutokana na picha hizo alitengeneza maonyesho ya slaidi, sauti na sinema, ambayo alizunguka nayo huku na huko. Hapo alijifunza jambo ambalo wapiga picha wengi hawalijali, nalo ni kwamba picha ikikaa sandukuni ni nusu tu ya kazi; nusu ya pili ni kuipanga, kuiangaza ukutani na kuuongoza macho umati mzima wa watu kwa wakati mmoja.

Februari 1966 alikuwa ameketi juu ya paa la nyumba katika mtaa wa North Beach, akiwa ametumia LSD, dawa ya kulevya ambayo wakati huo ilikuwa bado haijapigwa marufuku Kalifornia. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliyatazama majengo ya mjini akaona kana kwamba hayasimami sambamba, bali yanaachana kidogo kuelekea juu kwa sababu ardhi iliyoyabeba imepinda. Akajiuliza swali, na kesho yake akaanza mipango ya kulichapisha kwenye beji: kwa nini bado hatujaona picha ya Dunia nzima? Beji hizo aliziuza kwa senti 25 malangoni mwa vyuo vikuu, akafukuzwa Berkeley, akaenda kwingine, na nyingine akawatumia maseneta na maofisa wa NASA. Si haki kudai kwamba ndizo zilizofanya picha hiyo ipigwe, kwa kuwa setilaiti za kutazama mawingu zilikuwa tayari zikitengenezwa kwa ajili ya utabiri wa hali ya hewa. Lakini swali lake lilikuwa swali halisi la mpiga picha: chombo kimeshafika angani, kwa nini hakuna aliyegeuza lenzi?

Picha ikaja Novemba 1967 kutoka setilaiti ATS-3, iliyokuwa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, na namna ilivyopatikana inastahili kuelezwa. Hapakuwa na filamu. Setilaiti ilikuwa ikizunguka yenyewe kama pia ya kuchezea, mara 100 hivi kwa dakika, na kila ilipojizungusha mara moja, jicho la kamera lilifagia ukanda mwembamba mmoja wa Dunia na kutuma mwanga wake ardhini kama mawimbi ya redio. Kisha jicho likainama kidogo, ukafagiliwa ukanda unaofuata. Baada ya mistari zaidi ya 2,000, iliyopangwa mmoja chini ya mwingine, uso wa Dunia ukakamilika kwa rangi. Brand aliichukua picha hiyo akaiweka kwenye jalada la chapisho lake jipya. Katikati yake iko Amerika ya Kusini. Sisi wa Afrika Mashariki hatumo, kwa kuwa setilaiti iliyotulia juu ya upande ule haioni hata nusu ya Dunia. Pwani yetu ilipata umaarufu wake tarehe 7 Desemba 1972, pale wanaanga wa Apollo 17 walipopiga picha ile maarufu inayoonyesha Afrika, Rasi ya Arabia, kisiwa cha Madagaska na barafu ya Antaktika kwa pamoja.

Turudi sasa kwenye onyesho la Engelbart, maana ndipo fundi wa picha na fundi wa kompyuta walipohitajiana hasa. Mwaka 1968 mtu wa kawaida aliyetumia kompyuta hakuiona ikifanya kazi. Alitoboa kadi, akampa mhudumu, akaenda zake, na baada ya saa kadhaa akakabidhiwa karatasi za majibu. Katika maabara ya Engelbart, iliyokuwa ndani ya Taasisi ya Utafiti ya Stanford, mtumiaji alikaa mbele ya skrini na kuona maneno yakisogea, lakini skrini kubwa zenye kuchora maandishi safi zilikuwa ghali mno. Wahandisi wakapata njia ambayo mpiga picha yeyote angeifurahia: kompyuta ilichora maandishi kwenye kioo kidogo cha inchi 5 kilichokuwa katika chumba cha mashine, mbele ya kioo hicho ikafungwa kamera ya runinga, na kilichoonwa na kamera kikapitishwa kwenye waya hadi runinga iliyokuwa mezani kwa mtumiaji. Wakiwa na picha ya runinga mkononi waliweza pia kuigeuza, nyeusi ikawa nyeupe na nyeupe ikawa nyeusi, hata maandishi yakaonekana meusi juu ya mandhari nyeupe kama ya kitabu. Kwa maneno mengine, mtumiaji wa mfumo ule alikuwa akitazama matangazo ya moja kwa moja ya kompyuta yake mwenyewe.

Ndiyo maana onyesho la Desemba liliendeshwa kama kipindi cha runinga. Kamera moja ilitazama uso wa Engelbart, nyingine mikono yake, na nyingine zilikuwa Menlo Park zikiwatazama wenzake na vifaa vyao. Picha hizo zilisafirishwa kwa mawimbi ya mikrowevu kati ya miji hiyo miwili. Nyuma ya ukumbi aliketi Bill English, aliyeunda kipanya cha kwanza mwaka 1964, akichagua ni picha gani ionekane kwenye skrini kubwa, na wakati mwingine akiunganisha uso wa msemaji na ukurasa anaouhariri. Wahandisi walikuwa na mfumo. Mtu aliyekwisha kuzunguka na maonyesho ya slaidi na sinema alijua jinsi ukumbi uliojaa unavyoweza kufuata kitu kwa macho bila kupotea. Brand aliletwa kwa sababu hiyo.

Chapisho lake, Whole Earth Catalog, yaani Katalogi ya Dunia Nzima, lilikuwa na kurasa 64 na bei ya dola 5. Halikuwa duka. Lilikusanya vitabu, zana, hema, mashine na ramani, likaeleza kwa ufupi kila kimoja kinafaa nini, kinagharimu kiasi gani na kinaagizwa kwa nani, na walengwa wa kwanza walikuwa vijana waliohamia mashambani kuanzisha maisha ya kijamaa ya aina yao. Katikati ya majembe na vitabu vya ufugaji wa nyuki kulikuwa na kikokotoo cha mezani cha Hewlett-Packard chenye bei ya dola 4,900. Ni vigumu kumfikiria mkulima kijana akikinunua, lakini kwa mhariri yule shoka na kikokotoo vilikuwa katika kundi moja: vyote vinamwezesha mtu kufanya mwenyewe jambo lililokuwa likifanywa na taasisi kubwa.

Hata utengenezaji wa kurasa zake ulifuata imani hiyo, na hapa nitakawia kidogo. Kwa kawaida jarida lilihitaji kiwanda cha kupanga herufi na fundi wa kutengeneza mabamba ya picha. Brand na wenzake walitumia taipureta ya umeme ya IBM iitwayo Selectric Composer, ambayo herufi zake zote zimechongwa kwenye kitufe kimoja cha mviringo kama mpira mdogo. Ukitaka mwandiko mwingine unachomoa kitufe na kuweka kingine. Kwa picha walikuwa na kamera ya mezani ya Polaroid iliyofungwa kwenye nguzo ikitazama chini. Mashine ya chapa haijui rangi ya kijivu: inaweka wino au haiweki. Kwa hiyo kila picha ya gazetini lazima kwanza ivunjwe kuwa vitone, vikubwa penye giza na vidogo penye mwanga, na kamera ile iliweza kufanya hivyo papo hapo chumbani. Kilichobaki ni mkasi, gundi na meza. Miaka 17 baadaye kompyuta ndogo ziliposhika kazi hii ya kupanga kurasa, watu waliiita mapinduzi. Kwa wahariri wa katalogi kilichobadilika kilikuwa kifaa tu.

Toleo la mwaka 1971 liliuza zaidi ya nakala milioni moja, likapata Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani mwaka 1972. Brand, aliyekuwa amechoka, alifanya karamu ya kulifunga mwezi Juni 1971 na kuleta dola 20,000 taslimu ili waalikwa wakubaliane wazitumie vipi. Wakabishana usiku kucha. Mwishowe zilizobaki zikawekwa mikononi mwa Fred Moore, mpigania amani asiyependa fedha, na huyo ndiye aliyeshirikiana na Gordon French kuitisha, mwezi Machi 1975, katika gereji mojawapo ya Menlo Park, mkutano wa kwanza wa klabu ya wapenda kompyuta iliyoitwa Homebrew. Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, alihudhuria, na katika klabu hiyo ndipo alipoionyesha kompyuta ya kwanza ya Apple. Fedha zile hazikuanzisha klabu, isieleweke hivyo. Lakini watu wa katalogi na watu wa kompyuta walikuwa wakipishana katika milango ileile.

Kabla ya hapo, mwaka 1972, Brand alikwenda katika maabara ya akili bandia ya Stanford kuwatazama vijana wakishindana usiku katika mchezo wa kompyuta wa vita vya angani, akaandika makala ndefu katika jarida la muziki la Rolling Stone, yenye picha za Annie Leibovitz, ambaye ndiyo kwanza alikuwa na miaka 23. Makala iliwaambia wasomaji wa muziki kwamba kompyuta zinakuja kwa watu wote. Toleo hilo lina tarehe 7 Desemba 1972, siku ileile Apollo 17 ilipoipiga Afrika picha.

Miaka ya 1980 inastahili kupitiwa haraka: katalogi ya programu za kompyuta, iliyopata malipo ya awali ya dola milioni 1.3 lakini ikashindwa kwenda na programu zilizobadilika kila mwezi. Mkutano wa watengenezaji wa programu mwaka 1984. Na mwaka 1985, pamoja na Larry Brilliant, huduma iliyowawezesha watu kuzungumza kwa maandishi kupitia laini ya simu. Lakini Julai 1985, katika jarida lake la Whole Earth Review, kazi zake zote tatu, yaani picha, uhariri na kompyuta, zilikutana kwenye jalada moja. Kompyuta za viwanda vya uchapaji zilikuwa zimeanza kuhamisha vitone vya picha kama Engelbart alivyohamisha maneno. Mwaka 1982 jarida la National Geographic lilikuwa limezisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zienee kwenye jalada la wima. Brand na wahariri wenzake wakatangaza kwamba picha haiwezi tena kuwa ushahidi wa jambo lolote, na wakaonyesha barabara ya San Francisco yenye visahani vya angani vikiruka juu yake. Barabara ilikuwa ya kweli, na mwanga ulikuwa wa San Francisco. Visahani tu ndivyo ambavyo hakuna aliyesimama pale angeviona.