Je, wajua kwa nini dasta ya nta haioshwi kwa sabuni?

Vumbi la Nakuru halijui likizo, ingawa kati ya Desemba na Machi ndipo linapofanya fujo zaidi. Unalaza gari likiwa safi jioni kule Bahati au Lanet, asubuhi unakuta boneti imekuwa kijivu na mtoto wa jirani ameshaandika jina lake kwa kidole. Hapo ndipo wenye magari wengi hufungua buti na kutoa ile dasta ya nyuzi nyekundu yenye mpini. Inapita mara mbili tatu, gari linang'aa, safari inaanza.

Miezi inakwenda, dasta inageuka nyeusi. Siku moja mtu wa nyumbani, kwa nia njema kabisa, anailoweka kwenye beseni la sabuni ya unga, anaifikicha na kuianika. Inakauka ikiwa nyekundu tena, nyepesi, inanukia vizuri. Na haishiki vumbi tena.

Kilichooshwa pale ni dasta yenyewe. Zile nyuzi ni pamba ya kawaida tu, kama ya kitambaa cha kudeki. Kazi hufanywa na nta ya parafini iliyotiwa ndani ya pamba hiyo kiwandani. Hivyo ndivyo inavyotengenezwa California Car Duster, ile inayoigwa na wengi, na zinazoifuata hutumia njia hiyohiyo. (Nta ya parafini si yale mafuta ya taa tunayoyaita parafini dukani. Vyote viwili hutokana na mafuta ghafi, lakini kimoja ni kigumu na kingine ni maji. Usije ukamiminia dasta yako mafuta ya taa ukidhani unaiongezea nguvu. Mafuta hayo huyeyusha nta na kukuachia gari linalonuka kama koroboi.)

Nta inashikaje vumbi? Chembe ya vumbi ina nguvu mbili zinazoshindana juu yake: uzito wake, na ule mnato mdogo ulio kati yake na kitu inachogusa. Chembe ikiwa nyembamba mara 10 kuliko nyingine, uzito wake huwa mdogo mara 1,000, kwa sababu uzito hufuata ujazo. Mnato hupungua takriban mara 10 tu. Ndiyo maana vumbi laini hukaa hata kwenye mlango wa gari uliosimama wima bila kuanguka, na kokoto haiwezi. Sasa lete uzi wenye nta. Nta ni laini, inabonyea kidogo pale chembe inapoigusa, hivyo chembe inagusana nayo sehemu kubwa zaidi kuliko ilivyogusana na rangi ngumu ya gari. Inahama. Haikufutwa wala kusukumwa, imebebwa.

Tofauti hiyo kati ya kubeba na kusukuma ndiyo inayookoa rangi. Tabaka la juu kabisa la gari, ile vanishi inayong'aa, kwa kawaida lina unene wa maikroni 40 hadi 50, yaani ni jembamba kuliko unywele mmoja wa kichwani. Kitambaa kikavu kikisugua vumbi juu yake hugeuka msasa. Simama nyuma ya gari jeusi saa saba mchana, utaona mikwaruzo midogo ya duara kama utando wa buibui. Hiyo haikuletwa na barabara; ililetwa na mkono wa mtu aliyekuwa anasafisha.

Na vumbi letu si la mchezo. Kreta ya Menengai, ambayo upana wake unafika kilomita 12 hivi, ilimwaga jivu jingi enzi zake, na jivu la volkano ni vipande vidogo vya kioo cha asili vyenye kingo kali. Ukielekea Gilgil, pale Kariandusi, huchimbwa diatomiti, unga mweupe wa maganda ya viumbe wadogo wa majini. Maganda hayo ni silika, na unga huo viwandani hutiwa hata kwenye dawa za kung'arishia vyuma. Kule magharibi, Kakamega na Busia, vumbi ni lile jekundu la murram, laini zaidi, ila mvua ya alasiri huligeuza tope kabla hujapata nafasi ya kulipangusa.

Turudi kwenye beseni. Molekuli ya sabuni ina ncha moja inayopenda maji na nyingine inayopenda mafuta. Kwa ncha hiyo ya pili huing'ata nta, huivunja vipande vidogo, kisha maji huiondoa. Maji yakiwa moto kazi inakuwa rahisi zaidi kwa sababu nta imeshalainika. Kinachobaki ni pamba tupu, na pamba tupu juu ya boneti kavu ni kile kitambaa cha mikwaruzo tulichokiona. Isitoshe, ukiitia pamoja na nguo, nta hiyo inahamia kwenye shati la shule.

Basi uchafu ule mweusi unatoka vipi? Hautoki wote, na haulazimiki kutoka. Dasta mpya ina nta ya ziada juu ya nyuzi, na nta hiyo ndiyo inayoacha michirizi kwenye rangi. Vumbi laini linapoingia hunywa ile ziada, na nta iliyobaki husambaa sawasawa. Madereva wa teksi wanalijua hili bila kusoma popote. Mwulize mmojawapo, "Mzee, hiyo dasta si imechafuka?" atakujibu bila hata kugeuka, "Chafu ndiyo inashika, kijana." Ana haki.

Kinachotakiwa kutoka ni punje kubwa, mchanga ule ambao nta haiwezi kuudhibiti. Baada ya kila upande wa gari, sogea kando, upepo ukiwa mgongoni kwako, zungusha mpini kwa kasi kati ya viganja au ugonge taratibu kwenye soli ya kiatu. Kisha chukua nyuzi chache uzifikiche kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi ulaini wenye unato kidogo, endelea. Ukihisi kitu kinakwaruza, hata kama ni punje moja, kung'uta tena. Dasta iliyoanguka chini kwenye changarawe mimi siirudishi kwenye bodi. Inaishia kwenye rimu.

Dasta mpya usiikimbize kwenye gari siku hiyohiyo. Itandaze juu ya gazeti, hata Taifa Leo ya juzi inatosha, uiache siku moja au mbili, ukiigeuza. Karatasi itanywa nta ya ziada. Utaona madoa yanayopitisha mwanga kama karatasi ya mandazi.

Wakati wa kuitumia, usikandamize. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi, hasa kwa vijana wenye haraka. Anza juu ya paa, acha nyuzi zining'inie kwa uzito wake zenyewe, pitisha kuelekea upande mmoja bila kuzungusha, kisha inua. Ishia chini ya vitasa. Kule kwenye maringi ya matairi na chini ya milango kuna tope lililokauka, na tope halibebwi na nta, linahitaji maji. Gari likiwa na umande wa asubuhi, ngoja jua liukaushe, maana vumbi na maji vikikutana kwenye nyuzi unapata udongo wa kufinyangia. Na kama umetoka kupanda mlima hadi Mau Summit, boneti bado inachoma. Subiri mpaka uweze kulaza kiganja juu yake bila kukiondoa, la sivyo nta itayeyukia hapo na kuacha ukungu wa mafuta.

Kioo cha mbele usikiguse nayo kabisa. Mchana hutaona kitu. Usiku, lori likikuelekea na taa zote, ule utando mwembamba wa nta utasambaza mwanga kioo kizima, na mvua ikianza waipa zitakuwa zinarukaruka badala ya kufuta.

Kuna suala la joto pia, na hapa watu wa Kisumu wasikilize zaidi kuliko sisi wa milimani. Nta za parafini huyeyuka kati ya nyuzijoto 46 na 68 hivi, kutegemea aina. Gari lililofungwa juani hupita 50 ndani bila shida, na dashibodi hupanda zaidi ya hapo. Dasta iliyowekwa nyuma ya kiti, karibu na kioo, kwenye gari lililoegeshwa juani Kondele tangu asubuhi, itakuwa imelilia kiti kufikia saa nane, na doa la nta kwenye kitambaa cha kiti ni kesi nyingine. Iweke kwenye buti. Mfuko wa kitambaa haufai kwa sababu nta hupenya, na mifuko ya plastiki tuliyoizoea ilipigwa marufuku Agosti 2017. Kama ilikuja na ala yake, itunze. Kama haikuja nayo, mkebe wa Kasuku, ule wa mafuta ya kupikia, wenye kifuniko unatosha dasta ndogo, na ndoo ya rangi iliyosafishwa inatosha kubwa.

Na ile iliyokwisha kuoshwa, je, inaweza kurudishiwa nta? Wapo wanaoyeyusha mishumaa jikoni na kuichovya. Mbali na hatari ya moto, mshumaa una nta ngumu na nyingi mno. Ikipoa, nyuzi hukakamaa kama vijiti, na vijiti hivyo ndivyo utakavyopitisha kwenye rangi. Afadhali ibaki ya kufagilia zulia za gari.

Lakini kabla hujaitupa wala kuilaumu, hakikisha kwanza kwamba ilikuwa ya nta. Nyingi wanazotembeza wachuuzi kwenye foleni ni nyekundu vilevile lakini nyuzi zake ni za plastiki laini, zisizo na nta yoyote. Bana nyuzi chache kwenye kipande cha gazeti kwa dakika moja, kisha uinue karatasi kuelekea juani. Ya nta itaacha alama ya mafuta. Isiyoacha alama, ioshe tu kwa maji na sabuni kila inapochafuka, na uiache ikauke kabisa kabla ya kuirudisha kwenye gari.